Nyankunde: Kabla ya kurekebisha rangi ya video, jua kama kioo chako kinasema kweli

Nyankunde, Ituri. Usiku, kwenye kompyuta mpakato ya aliyeihariri, video ya kwaya huwa nzuri. Sura zinang'aa, majoho meupe yanaonyesha mikunjo yake, na milima iliyo nyuma ya kanisa ina kijani kile kile ambacho kila mwenyeji anakijua. Ikifika Jumapili, video hiyo hiyo inawekwa kwenye televisheni ya ukumbini na waimbaji wa safu ya nyuma wamegeuka vivuli. Majoho yamekuwa mabaka meupe, na uso wa mwalimu wa kwaya umeingia wekundu ambao hakuzaliwa nao.

Jambo hilo humkuta karibu kila anayehariri picha kwa kutegemea kompyuta mpakato peke yake, awe Bunia, Goma, Kampala au Dar es Salaam. Kwanza hulaumiwa kamera, kisha televisheni, kisha fundi. Mara nyingi kosa liko kwenye kioo cha kompyuta ambacho mhariri alikiamini tangu mwanzo.

Vituo vya televisheni na studio za filamu vililitatua tatizo hilo zamani kwa kutumia monita ya utangazaji, yaani skrini iliyotengenezwa kuonyesha rangi kwa kipimo kimoja kinachojulikana. Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii sasa wanajua monita hiyo ipo. Kinachowashinda ni namna ya kuiunganisha na kompyuta mpakato ili ifanye kazi yake sawasawa.

Sura zenye uzito

Nyankunde iko kilomita zipatazo 45 kusini-magharibi mwa Bunia, katika eneo la Irumu. Jina lake lilijulikana mbali kwa sababu ya hospitali yake ya kiinjili iliyoanzishwa miaka ya 1960, iliyopokea wagonjwa kutoka kila upande wa kaskazini-mashariki mwa Kongo.

Septemba 5, 2002 wapiganaji wenye silaha waliivamia. Watu waliuawa majumbani, njiani, na wengine wakiwa kwenye vitanda vya hospitali. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2003, lilikadiria kuwa waliouawa kwa muda wa siku kumi hawakupungua 1,200. Wengi wa walionusurika walitembea kwa miguu hadi Oicha, Kivu Kaskazini.

Kwa mji wenye historia hiyo, kamera hairekodi sherehe tu. Wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua, na ushuhuda unaorekodiwa leo ndio utakaobaki kwa wajukuu. Uso wa mzee ukipotea gizani kwa sababu ya kioo kibaya, kilichopotea ni zaidi ya urembo wa picha.

Ituri yenyewe imewahi kuona uzito wa picha inayoonekana vizuri. Katika kesi ya Thomas Lubanga mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini The Hague, moja ya vielelezo vikubwa ilikuwa video iliyorekodiwa Februari 12, 2003 katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia. Majaji waliitazama na kuona kuwa baadhi ya waliokuwa kwenye kambi hiyo ni watoto walio wazi chini ya miaka 15.

Machi 14, 2012 Lubanga alitiwa hatiani kwa kuwaandikisha watoto na kuwatumia vitani. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo tangu kuanzishwa kwake. Umri ulisomwa kwenye sura na miili, na sura zilisomeka kwa sababu zilionekana.

Kioo cha kompyuta kinadanganya vipi

Kampuni zinazotengeneza kompyuta mpakato hutaka skrini ipendeze dukani. Nyingine huongeza wekundu, nyingine huongeza ubuluu, na bei ikiwa ndogo hata idadi ya rangi zinazoweza kuonyeshwa hupungua. Kompyuta mbili zikiwekwa sambamba zikicheza video moja, ni nadra rangi kufanana.

Mwangaza nao ni mtego. Skrini nyingi za siku hizi hufika niti 300 au zaidi, ilhali kipimo kinachotumika kurekebisha rangi ya televisheni ya kawaida ni niti 100. Mhariri anayetazama kioo kikali huona picha imeshang'aa, kumbe ameiacha giza. Umeme ukikatika, kompyuta ikaanza kubana betri, kioo hufifia chenyewe, na mhariri yule yule huanza kuongeza mwanga usiohitajika.

Kuna pia mpangilio wa usiku unaofanya kioo kiwe cha manjano ili kupumzisha macho. Ukisahaulika umewashwa, kila rekebisho litasukuma picha kwenye ubuluu, na asubuhi wageni wa harusi wataonekana kama wanaoumwa baridi.

Televisheni ina kanuni yake. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, liliweka mwaka 1990 kiwango kiitwacho BT.709, kinachotaja wekundu, kijani na buluu vya televisheni ya ubora wa juu viwe vipi, na weupe uwe upi. Mwaka 2011 likaongeza BT.1886, kinachoeleza namna skrini inavyotakiwa kupanda kutoka weusi hadi weupe. Monita ya utangazaji hutengenezwa na kupimwa kwa kufuata viwango hivyo.

Kwa watu wa Ituri mfano uko karibu. Mnunuzi wa dhahabu wa Mongbwalu hapimi punje kwa kiganja hata akiwa na uzoefu wa miaka ishirini. Huweka kwenye mizani, kwa kuwa mizani ndiyo anayokubaliana nayo na muuzaji. Monita ya utangazaji ni mizani ya rangi.

Kuchomeka waya hakutoshi

Wengi wakipata monita huchukua waya wa HDMI, huutoa kwenye kompyuta na kuuchomeka. Picha hutokea, na furaha huwa kubwa. Tatizo ni kwamba picha inayotoka kwenye tundu hilo ni ile ya mezani, yaani ile ile ambayo mfumo endeshi wa kompyuta umeshaichezea: umebadilisha rangi kulingana na jinsi ulivyoitambua skrini, umechagua wenyewe idadi ya fremu kwa sekunde, na pengine umebana au kupanua kiwango cha mwanga.

Monita inaweza kuwa ya maelfu ya dola, lakini ikipokea picha iliyokwishavurugwa itaonyesha uvurugu huo kwa uaminifu mkubwa.

Njia inayokubalika ni kuweka kifaa kidogo kati ya kompyuta na monita. Kifaa hicho huchukua picha moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuhariri, bila kupitia mikononi mwa mfumo endeshi, na kuitoa kwa SDI, njia inayotumiwa na vituo vya televisheni. Miongoni mwa vinavyojulikana ni UltraStudio Monitor 3G ya kampuni ya Blackmagic Design na T-TAP ya AJA. Cha kwanza ni kidogo kiasi cha kuingia mfukoni, hupata umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe, na hutoa SDI na HDMI.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Vifaa hivyo hutumia tundu la Thunderbolt. Kwa umbo, Thunderbolt ya sasa inafanana kabisa na USB-C, lakini si kila USB-C ni Thunderbolt. Alama ya kuangalia ni mshale wa radi uliochorwa pembeni ya tundu, na uhakika zaidi hupatikana kwenye maelezo ya kompyuta yenyewe. Kompyuta za MacBook za miaka ya karibuni huwa nayo kwa wingi, ilhali kompyuta nyingi za Windows za bei ya kati hazina.

Mtego wa pili ni vile vifaa vya USB vya bei nafuu vinavyouzwa kwa jina la kadi za video. Vingi ni vya kuingiza picha kwenye kompyuta, kwa mfano kutoka kwenye kamera wakati wa kurusha ibada moja kwa moja. Haviwezi kuitoa.

Hatua kwa hatua

Kwanza huwekwa programu endeshi ya kifaa, inayopatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha kompyuta huzimwa na kuwashwa upya. Kwenye MacBook, mfumo huomba ruhusa katika mipangilio ya usalama, na asiyeitoa hukaa siku nzima akidhani kifaa ni kibovu.

Pili, kifaa huunganishwa na kompyuta kwa waya wa Thunderbolt, na monita kwa waya wa SDI wenye vichwa vya BNC. Waya huo uwe wa omu 75. Nyaya za redio za mawasiliano, ambazo haziadimiki katika eneo lililozoea redio kama Ituri, nazo zina vichwa vya BNC lakini nyingi ni za omu 50. Zitaingia bila shida na huenda hata zikaonyesha picha, ila ishara ikidhoofika picha itakatika au kumetameta.

Tatu, programu ya kuhariri hufunguliwa baada ya kifaa kuunganishwa, na katika mipangilio yake jina la kifaa huchaguliwa kama njia ya kutolea picha. Hapa wengi hukata tamaa mapema: monita haitaonyesha meza ya kompyuta wala haitatokea kwenye orodha ya skrini za ziada. Itabaki nyeusi hadi programu ya kuhariri iipelekee picha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Nne, mpangilio wa picha inayotolewa ulingane na wa kazi yenyewe. Kazi ya fremu 25 kwa sekunde itolewe kwa fremu 25, ukubwa wa 1080. Monita za zamani kidogo hupokea kasi ya gigabiti 1.485 kwa sekunde tu, kwa hiyo zitakubali fremu 25 lakini zitakataa 50, ambazo huhitaji gigabiti 2.97. Monita ikibaki nyeusi ilhali kila kitu kimechomekwa, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Tano, na hili ndilo huharibu kazi nyingi kimyakimya, ni kiwango cha weusi na weupe. Kompyuta huhesabu weusi kuanzia 0 na weupe hadi 255. Televisheni huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe hadi 235, au 64 hadi 940 kwa picha ya biti 10. Programu ikituma kwa hesabu ya televisheni na monita ikasoma kwa hesabu ya kompyuta, weusi utaonekana kijivu. Mhariri ataushusha, na nyumbani kwa watu sura zitazama gizani. Ikiwa kinyume chake, weusi utameza kila kitu. Mhariri atapandisha mwanga, na picha itaishia kuwa kama iliyomwagiwa maji ya chokaa. Pande zote mbili ziwekwe kwenye hesabu ya televisheni.

Mwisho ni kupima. Programu nyingi zina mistari ya rangi ya majaribio, na chini yake kuna vipande vyembamba vya weusi. Kilicho juu kidogo ya weusi kamili kinatakiwa kuonekana kwa shida, na kilicho chini yake kisionekane kabisa. Monita iachwe iwake kwa nusu saa kabla ya kazi, maana rangi yake hutulia ikipata joto.

Umeme na chumba

Penye jenereta na umeme wa jua, maandalizi huanza kwenye soketi. Monita nyingi za kazi za nje hukubali umeme wa volti 12 wa moja kwa moja, na zinaweza kuendeshwa na betri ya sola bila kigeuzi, mradi maelezo ya kifaa yaseme hivyo na waya uwe na fyuzi. Penye jenereta, kompyuta na monita zipitie kidhibiti kimoja cha umeme. Ni vyema pia nyaya za picha kuunganishwa vifaa vikiwa vimezimwa, kwa sababu tofauti ya umeme kati ya vifaa viwili inaweza kuunguza tundu.

Chumba nacho kina kauli. Dirisha lifunikwe kwa pazia zito, na taa ya rangi ya nyumbani isimulike kwenye monita. Ukuta wa nyuma ukipakwa kijivu na kumulikwa taa hafifu nyeupe, macho huchelewa kuchoka. Ukuta wa kijani au wa waridi hulidanganya jicho, nalo jicho hulipiza kwenye picha.

Ngozi nyeusi haikuwa kipimo

Kwa mpiga picha wa Kiafrika, suala la kipimo lina historia chungu. Kwa miaka mingi, maabara za picha zilizotumia filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi yake ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi walitoka wakiwa meno na macho tu, na malalamiko yao hayakupewa uzito kwa muda mrefu. Mtengeneza filamu Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, anasimuliwa kuwa alikataa kutumia filamu ya Kodak akiiita ya kibaguzi.

Vifaa vya leo vimepunguza tatizo hilo, lakini mwenye kuamua ni mhariri. Kuna kipimo kwenye programu za kurekebisha rangi kinachoonyesha rangi zote kwa umbo la duara, kikiwa na mstari wa ngozi kati ya nyekundu na manjano. Ngozi ya Mlendu, ya Mhema, ya Mbira na ya Mzungu, zikiwa kwenye mwanga mweupe, zote huangukia karibu na mstari huo huo. Tofauti kubwa iko kwenye mwanga, yaani ngozi ina weusi kiasi gani. Kwa hiyo kazi ya mhariri ni kuipa ngozi nyeusi mwanga wake bila kuichujua iwe kijivu wala kuipaka uchungwa. Uamuzi huo hauwezi kufanywa kwa haki kwenye kioo kisichoaminika.

Asiye na fedha afanyeje

Upande wa programu, mlango umefunguka. DaVinci Resolve, ambayo chimbuko lake ni mitambo ya kampuni ya da Vinci Systems iliyoanza mwaka 1984 na kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, ilinunuliwa na Blackmagic Design ya Australia mwaka 2009. Tangu 2011 kuna toleo lake la bure, ambalo linatosha kwa kazi nyingi za televisheni.

Gharama iliyobaki ni monita na kifaa cha kuiunganisha. Monita zilizotumika hupatikana kwa bei ya chini, ila mnunuzi aulize mambo mawili: kama ina tundu la SDI la ubora wa juu, kwa kuwa baadhi ya zile za zamani zilihitaji kadi ya ziada, na kama kioo hakijachoka.

Asiyeweza hata hiyo ana njia ya kuanzia. Azime mpangilio wa usiku na ule wa kubadilisha mwanga wenyewe, achague kiwango kimoja cha mwanga na asikiguse hadi kazi iishe, afanye kazi penye mwanga hafifu, na aamini vipimo vya programu kuliko macho. Kabla ya kukabidhi, aitazame kazi kwenye televisheni mbili za watu na simu mbili. Watu wawili au watatu wa kazi moja wanaweza pia kuchangia monita moja, kwa kuwa hatua ya rangi huchukua muda mfupi kuliko uhariri wenyewe.

Kanuni moja haina gharama: faili la kamera lisiguswe. Rangi hurekebishwa kwenye nakala, na faili la asili huhifadhiwa sehemu mbili tofauti. Kwa video ya harusi huo ni uangalifu, na kwa ushuhuda wa aliyenusurika ni wajibu, kwani siku moja huenda mtu akahitaji kuona kile hasa ambacho kamera iliona.

Filamu za Kongo zimeshaonyesha kuwa sura za watu wa mashariki zinaweza kufika mbali. Mwaka 2020, filamu ya Dieudo Hamadi kuhusu manusura wa Vita vya Siku Sita vya Kisangani waliosafiri kwa mto hadi Kinshasa kudai fidia, ilichaguliwa kwenye orodha rasmi ya tamasha la Cannes. Watazamaji wa mbali waliwatazama watu hao usoni.

Huko Nyankunde, mtazamaji wa kwanza hatoki mbali. Ni mama aliyekaa kwenye benchi la ukumbini, akimtafuta mwanawe kwenye safu ya nyuma ya kwaya. Rangi ikiwa imefanywa sawasawa, hatafikiria monita wala waya wa SDI. Atanyoosha kidole tu na kusema jina.